Majani ya Gari

Jirani yangu hapa Geita huchemsha kabichi kila asubuhi. Ni mama lishe, na wateja wake ni vijana wanaotoka kwenye mashimo ya dhahabu, watu ambao wakishapata ugali wa moto hawaulizi mboga imetoka wapi. Harufu huingia dirishani kwangu kabla sijamaliza kupiga mswaki. Mnaijua harufu hiyo, ya kabichi iliyokaa motoni kupita kiasi, nzito, yenye utamu usiopendeza. Mimi ni mtu mzima, nina kazi yangu na funguo za nyumba yangu, lakini harufu hiyo ikinifikia nafunga dirisha upesi. Kwa muda mfupi nakuwa tena mtoto wa darasa la saba aliyefanya jambo na sasa anangoja kukamatwa.

Watu hudhani sili kabichi kwa sababu ya gesi. Nawaacha wadhani hivyo. Gesi ni sababu inayoeleweka, haina maswali ya ziada.

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama, katika kijiji kimoja cha Kishapu, mwendo wa baiskeli kutoka Mhunze. Mama alikuwa huku Geita akipikia wachimbaji, na alikuja nyumbani mara chache, amebeba sabuni, sukari na hadithi. Tulikuwa wawili tu nyumbani, Bibi na mimi, na kuku wachache, mmoja wao akiwa wangu kabisa kwa jina na kwa mayai. Bibi alikuwa na goti bovu lililomfanya akae mbele ya nyumba karibu siku nzima, fimbo mapajani, akiongoza kila kitu kwa masikio. Alijua sufuria ipi imefunuliwa. Alijua kama nimefagia au nimeburuza fagio tu.

Kwetu kiangazi hakina utani. Ardhi hupasuka, ng'ombe hukonda, na watu hurudi kwenye nsansa, yale majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa msimu wa mvua, ambayo ukiyapika huwa na ladha ya jua na ya gunia. Bibi naye alikuwa na nsansa yake, lakini alikuwa na kitu zaidi: kipande cha bustani nyuma ya nyumba, kimezungushiwa uzio wa minyaa, ambacho kilibaki kijani hata vumbi lilipofunika kila kitu kingine. Mle ndani mlikuwa na mgagani, maboga, matembele na mstari mmoja wa kunde. Hapakuwa na ajabu yoyote, ni maji tu. Maji ya kuoshea vyombo yalikwenda huko, na ya kufulia, na ya kunawia, na yasipotosha nilishika ndoo nikaenda kuteka lamboni.

Mgagani wa Bibi ulikuwa mchungu. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo la msingi, na mimi mwenyewe nililisahau siku nilipolihitaji. Ulikuwa na uchungu unaoshika pembeni mwa ulimi, halafu karanga zinaupoza, halafu maziwa, na ukishameza unataka tonge jingine. Majani ya maboga yalikuwa na ukwaruzo wake kidogo hata baada ya kumenywa nyuzi. Ukila mboga ile ulijua umekula jani la mmea fulani, lililoota mahali fulani. Mboga za gengeni Bibi aliziita majani ya gari, kwa kuwa zilifika kwa gari na hakuna aliyejua zimelala wapi njiani. Kabichi ndiyo aliyoidharau kuliko zote.

"Kabichi ni maji yaliyovaa nguo," alikuwa akisema. "Unaivua moja, unakuta nyingine. Ukimaliza kuivua, hujala kitu."

Bustani ile ilikuwa na mwiko wake, na wengi wenu mmeusikia kwa bibi zenu. Mwanamke aliye kwenye siku zake haingii. Akiingia mboga hukauka, na alizochuma zikipikwa huwa chungu, hazilambiki. Mimi sikuelezwa hayo kwa kukalishwa chini, niliyaokota. Wanawake majirani walikuja kuomba mboga, na mara nyingine mmoja alisimama nje ya minyaa, akaniambia, "Mwanangu, ingia unichumie, mimi leo siwezi." Nikaingia. Nilijivunia sana mikono yangu. Niliona nina kibali ambacho watu wazima hawana, na sikujua kwamba ni kibali chenye mwisho.

Kisha likatokea la Kabula. Alikuwa binti wa jirani, amenizidi miaka mitatu hivi, ndiye aliyenifundisha kusuka mkeka na kudanganya mwalimu wa zamu. Siku moja alikuja na ungo wake, akafika kwenye kilango cha bustani, akasimama. Alitazama vidole vyake vya miguu. "Minza," aliniambia, "nichumie wewe." Sikumuuliza. Wiki ileile waliingia ng'ombe wanne katika boma la baba yake, nikawaona kwa macho yangu, wanaume wawili wakiwaswaga. Na wiki iliyofuata Kabula alipanda nyuma ya bodaboda, amepakata begi, hakuja hata kuniaga.

Mtoto hahitaji zaidi ya hapo. Nilipanga yale mambo matatu kwa mstari: binti anasimama nje ya minyaa, ng'ombe wanakuja, binti anaondoka. Hakuna aliyeniambia kuwa yanahusiana na hakuna aliyeniambia kuwa hayahusiani. Nilichojua ni kwamba wasichana wengi waliokuwa mbele yangu shuleni walikuwepo, halafu siku moja madawati yao yalikaliwa na wengine.

Yangu yalinikuta nimeshachuma. Nilikuwa nimemaliza kujaza ungo wa mgagani, nimechuchumaa kwenye mstari wa mwisho, niliposimama nikaona damu. Nilirudi ndani, nikachana kipande cha khanga kuukuu ya Mama, nikajifunga nilivyojua, yaani vibaya. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa mwezi wa mbele. Nakumbuka niliwaza hivyo hasa, kwa maneno hayo: mtihani bado. Halafu nikapika ule mgagani, kwa sababu Bibi alikuwa anasikiliza na sufuria ilitakiwa ilie.

Jioni, jua likiwa bado juu ya nyumba, tulikaa mbele kula. Nilichovya tonge, nikaweka mdomoni. Ilikuwa chungu. Nilihisi uchungu ule unapanda kutoka kwenye ulimi hadi masikioni. Nikamtazama Bibi. Alitafuna taratibu, akameza, akachovya tena.

"Leo mgagani umekolea," alisema.

Sijawahi kuogopa sentensi kama nilivyoiogopa ile. Leo naweza kucheka: alikuwa anaisifu mboga, kama alivyoisifu mara mia kabla ya hapo. Lakini mimi nilisikia kesi. Niliona sufuria nzima imenishtaki, na kwamba kinachomzuia Bibi kusema ni heshima ya chakula tu. Nilikula mpaka mwisho, kila tonge nikilimeza kwa maji, ili ushahidi uishe.

Kesho yake sikuingia bustanini. Nilichukua mayai ya kuku wangu, nikaenda gengeni kwa Mama Shija.

"Shikamoo, Mama Shija."

"Marahaba. Leo vipi, bibi yako ananiletea mayai?"

"Anataka kabichi."

Mama Shija aliacha kupanga nyanya zake. "Bibi yako? Kabichi?"

"Tuna mgeni," nilisema. "Kutoka mjini. Hajazoea mgagani."

Alinichagulia kabichi ndogo, huku akitikisa kichwa, akaniambia nimsalimie huyo mgeni. Nilikwenda nayo nyumbani chini ya khanga. Niliikata nyembamba kadiri nilivyoweza, majani ya nje na shina nikatupa kwenye choo cha shimo, nikaichemsha muda mrefu ili ilegee, ikubali kufanana na kitu kingine. Ndipo harufu ile ilipojaa nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza. Niliweka karanga nyingi kuliko kawaida. Ladha yake ilikuwa ya karanga zilizolowa, na nyuma yake utamu fulani wa maji, kama uji uliosahauliwa. Lakini haikuwa chungu. Kabichi haiwezi kuwa chungu hata ukiipikia dhambi gani, na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Bibi alichovya mara moja, akatulia. "Hii ni ya gari."

"Mama Shija kanipa, Bibi. Ilikuwa inaharibika."

Alikula. Na kukaa kwake kimya kuliniogopesha zaidi, kwa sababu mwanamke yule hakuwahi kukaa kimya mbele ya kabichi.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Kabichi, chainizi, mchicha wa mafungu uliofika gengeni umeshanyauka na kunyunyiziwa maji ili uamke. Yai likikosekana niliokota kuni, nikampelekea Mama Shija. Ile hali yangu yenyewe iliisha siku ya tano, lakini mimi sikuhesabu kuwa imeisha. Wanawake wazima niliwaona wakirudi bustanini siku nyingine, ni kweli, ila niliamini wana dawa yao ya kujisafisha, na kwamba binti hupewa dawa hiyo akishaolewa. Mikono yangu mimi ilikuwa imeharibika moja kwa moja. Nilikuwa nikiitazama darasani, juu ya daftari.

Yakabaki maji. Bibi alizoea kusikia ndoo ikimwagwa nyuma ya nyumba asubuhi na jioni, na asingesikia angeuliza. Kwa hiyo niliibeba ndoo mpaka kwenye uzio, nikaimwaga hapo nje, kwenye mizizi ya minyaa, taratibu, nikibadilisha mahali ili sauti iwe ya mtu anayetembea mstari kwa mstari. Nilijiona mwerevu. Minyaa ilinawiri ajabu.

Siku kama ya kumi nilipata ujasiri wa kuchungulia. Majani ya maboga yalikuwa ya njano, yamekunjamana pembeni. Mgagani ulikuwa umelala chini. Matembele yalijitahidi, lakini kunde zilikuwa nyuzi tu. Nilishika uzio, utomvu ukaniingia mkononi, sikuusikia. Basi ni kweli. Kila walichosema wanawake wote ni kweli, na bustani iliyonilisha tangu nilipoanza kuota meno nimeiua kwa kuingia mara moja tu. Nilikimbilia chooni nikakaa humo hadi nzi wakanizoea.

Nilipotoka, Bibi alikuwa kwenye simu. Alikuwa ameishika mbali na sikio, kama kawaida yake, na sauti ya Mama ilisikika ikitoka Geita nyembamba kama ya kifaranga.

"Njoo Jumamosi, Mama Minza," alisema Bibi. "Mambo ya mtoto huyu siyawezi peke yangu. Hapana, usimwambie. Njoo tu."

Ilikuwa Alhamisi. Usiniulize nilivyolala. Ijumaa shuleni mwalimu alinielezea mfano wa swali ubaoni mara mbili, na mimi nilikuwa nahesabu ng'ombe: wataingilia upande gani, watafungwa wapi, na je, Bibi atawatazama wakija au atageuka. Nilifikiria kukimbia, ila sikujua mahali pengine pa kukimbilia zaidi ya kwa Mama, na Mama ndiye alikuwa anakuja.

Niliporudi mchana, kiti cha Bibi kilikuwa kitupu. Fimbo haikuwepo. Nilijua alipo kabla sijazunguka nyumba.

Alikuwa amesimama ndani ya bustani, katikati ya ule unjano. Alichomeka fimbo ardhini, akaichomoa, na vumbi likatoka shimoni likapepea. Akachomeka mahali pengine. Vumbi. Kisha akaja hadi kwenye uzio, akatoka nje ya kilango, na mguu wake ukazama kwenye tope hadi kifundoni. Aliutazama mguu. Akanitazama mimi.

"Minza. Maji ulikuwa unamwaga huku?"

Nilipiga magoti. Kwetu mtoto wa kike humpigia mkubwa goti kwa salamu, lakini siku ile sikuwa nasalimia. "Bibi, ni mimi niliyeikausha. Niliingia, sikujua, nilikuwa nimeshachuma. Nilikulisha mboga chungu. Nisamehe, Bibi. Usiwaambie walete ng'ombe kabla ya mtihani."

"Ng'ombe gani?"

"Kama wa Kabula."

Alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kuku wangu alipita katikati yetu, akarudi. Nilipomtazama usoni sikuona hasira. Niliona mtu ambaye naye ametoka kuogopa.

"Kabula yuko mjini, Ngokolo, kwa shangazi yake," alisema. "Anajifunza cherehani. Wale ng'ombe ni wa baba yake mwenyewe, walikuwa wamewekwa kwa ndugu zake Bukombe kwa ajili ya malisho, akawarudisha. Nani kakwambia ameolewa?"

Hakuna aliyeniambia. Hilo ndilo lililonifanya nilie, kuliko kama angekuwepo mtu wa kulaumiwa.

Bibi aliniambia kwamba alijua tangu siku ya kabichi ya kwanza. Khanga ya Mama ilikuwa imepungua upande, na mimi niliyefundishwa kuidharau kabichi nimeileta mwenyewe. Alidhani nafuata mwiko. Alikuwa anangoja niseme kwa mdomo wangu, kwa sababu yeye kwa bibi yake alisema mwenyewe, na akakumbuka kwamba ilimpa heshima. Kwa hiyo alikula majani ya gari bila kulalamika, siku ya kwanza, ya tatu, ya tano. Ya saba alianza kushtuka. Ya kumi hakupata usingizi. Mimi nilihesabu ng'ombe na yeye alihesabu siku zangu, akiamini damu haijakatika, akiamini mtoto wa binti yake anaisha mbele yake huku anampikia chainizi. Ndiyo maana alimwita Mama, wanipeleke hospitali.

"Na bustani?" niliuliza.

Alichota udongo, akauachia ukapita kati ya vidole. "Imekufa kwa kiu," alisema. Akafikiri kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anamweleza mtu mwingine, "Mimi niliambiwa na mama yangu. Sikuwahi kujaribu."

Mama alikuja Jumamosi. Alishuka na taulo za kike kwenye mfuko wa plastiki, na, kwa kuwa alitaka kutufurahisha, na kabichi mbili kubwa kutoka Geita. Bibi aliziona akacheka hadi akashika goti. Tulizipeleka kwa Mama Shija, tukamwambia mgeni ameondoka.

Maboga hayakurudi. Mgagani tuliupanda upya, na nilimwagilia kwenye mistari, nikiingia na kutoka kama zamani. Mtihani nilifanya. Wiki chache baadaye, mgagani ukiwa umefika magotini, siku zangu zikarudi. Nilikwenda kwenye kilango na ungo, nikasimama. Nikamwita Bibi, nikamwambia kwa mdomo wangu.

Alikuja kwa fimbo yake. Tulisimama wote wawili nje ya minyaa, na ningependa kuwaambia kwamba mmoja wetu alikuwa jasiri. Yeye alikuwa akichomeka fimbo yake mbele ya kilango na kuichomoa. Mama yake alikuwa amemwambia, na mama wa mama yake, na mboga zile ndizo tulizokuwa nazo tu.

"Ingia," alisema.

Niliingia. Nilichuma nikiwa nimeshika pumzi, jani kwa jani, na kila nilipovunja kijiti nilitazama kama mmea unainama. Nikachambua, nikapika, nikatia karanga, nikatia maziwa. Sikuonja. Nilimwekea Bibi bakuli mbele yake, nikarudi nyuma hatua mbili, kama mtu aliyewasha moto asioujua ukubwa wake.

Alichovya. Alitafuna. Alitafuna muda mrefu mno, macho yake yakiwa mbali, huko barabarani.

"Mchungu, Bibi?"

"Mchungu," alisema.

Niligeuka kuitazama bustani. Bibi alimeza, akakata tonge jingine, akalichovya vizuri pande zote mbili, kisha akanisogezea bakuli.

"Kaa ule," aliniambia. "Mgagani ulikuwa mtamu lini?"